KOMPTERI HAISEMI UONGO

Somo la 27

Watoto, sokoni mnaona mizani. Mwenye viazi anaweka viazi upande mmoja, na mawe ya kilo upande wa pili. Mwuzaji anatazama, mnunuzi naye anatazama. Hapo ugomvi unakwisha, kwa kuwa mizani haina ndugu wala adui.

Leo tutasoma habari za mizani nyingine. Hii haipimi viazi wala unga. Inapima umeme, ule ambao watu wengi wa kwetu wanauita kura. Jina lake ni kompteri. Tutaona jinsi msichana mmoja wa Alimbongo alivyoisoma kompteri, akarudisha amani katika nyumba ya mjomba wake.

I. Safari ya kutoka Alimbongo

Alimbongo ni mahali pa juu katika nchi ya Lubero, kando ya barabara kubwa itokayo Butembo kwenda Goma. Huko kuna baridi. Asubuhi ukungu unafunika mashamba ya viazi na malisho ya ng'ombe.

Mwezi wa Desemba 2024 vita vikafika Alimbongo. Watu wengi wakafunga mizigo yao, wakakimbilia upande wa Lubero na Butembo. Katika hadithi yetu, msichana wa mwaka wa sita akakimbia pamoja na mama yake na wadogo zake wawili. Walibeba godoro moja, sufuria mbili, na daftari za shule. Baba yao alikwenda Beni kutafuta vibarua.

Huko Butembo mjomba wao akawapokea. Alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu na duka dogo mbele yake. Dukani aliuza chumvi, sabuni, maziwa na vinywaji baridi. Akasema, "Dada yangu, karibuni. Nyumba ni ndogo, lakini moyo si mdogo." Akatoa vitu vyake vyote katika chumba cha akiba, akawapa wageni chumba hicho. Frigo lililokuwa humo wakalisukuma mpaka nyuma ya duka, wakaliweka karibu na mahali pa jiko la makala.

Basi wakakaa vizuri mwezi wa kwanza. Mama alilima pamoja na mke wa mjomba. Watoto walichota maji na kufagia. Wazee husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nao walishika jembe hata kabla ya siku ya tatu.

II. Manung'uniko

Katika nyumba ya mjomba palikuwa na kompteri ya kulipa kwanza. Mtu ananunua umeme, anapewa namba nyingi, anazibonyeza juu ya kompteri, ndipo umeme unaingia. Mjomba alizoea kununua kilowati-saa 60, nazo zilimtosha mwezi mzima. Lakini tangu wageni walipokuja, kilowati-saa 60 zilikwisha kwa siku 20 tu.

Jioni moja taa zikazimika ghafula. Dukani mteja akasimama gizani na chupa mkononi. Mke wa mjomba akasema kwa sauti ya chini, lakini wote wakasikia: "Zamani umeme ulitutosha. Sasa tumekuwa wengi. Watoto hawa wanasoma usiku, na telefoni ya mama yao inakaa ukutani."

Mjomba hakujibu neno. Lakini kutojibu kwake kulimwumiza dada yake kuliko maneno.

Tangu siku hiyo mama alizima taa ya chumba chao mapema. Akawasha kipande cha mshumaa. Watoto wakainama juu ya daftari, machozi yakiwatoka kwa moshi. Siku ya tatu mama akamwambia binti yake, "Mwanangu, nimesikia kuna kibanda cha mabati upande wa chini wa mji. Mvua inaingia, lakini tutahamia huko. Afadhali kulowa kuliko kumlemea ndugu."

Msichana akanyamaza. Moyoni akajiuliza, "Je, ni kweli taa yetu moja inakula siku kumi za umeme? Nani amepima?"

III. Bwana mwalimu aeleza

Kesho yake, saa ya hesabu, msichana akainua mkono. "Bwana mwalimu, taa moja inakula umeme kiasi gani?"

Mwalimu akafurahi kwa swali hilo. Akachora ubaoni bomba na ndoo, akaeleza hivi:

"Tazameni bomba hili. Maji yanaweza kutoka kwa nguvu au kidogo kidogo. Vivyo hivyo na umeme. Nguvu ambayo chombo kinaivuta kwa dakika ile inahesabiwa kwa wati. Taa za zamani zenye uzi mwekundu ndani yake nyingi ni za wati 60. Taa mpya za LED zinatoa mwanga ule ule, lakini zinavuta wati 9 hivi. Pasi inavuta wati 1,000 na zaidi.

"Sasa tazameni ndoo. Ndoo inaonyesha maji yaliyokusanyika. Kwa umeme ndoo hiyo inaitwa kilowati-saa. Chombo cha wati 1,000 kikiwaka saa moja, kimejaza ndoo moja, yaani kilowati-saa moja. Chombo cha wati 100 kikiwaka saa kumi, nacho kimejaza ndoo moja. Kompteri inahesabu ndoo tu. Haiulizi nani alizijaza."

Kisha akasema, "Shikeni neno hili. Bomba linalotoka kwa nguvu kwa muda mfupi laweza kujaza ndoo moja. Lakini bomba linalovuja kidogo, usiku kucha na mchana kutwa, linajaza ndoo nyingi. Nanyi hamlisikii."

Msichana akaandika hayo yote. Akapiga hesabu ya chumba chao. Taa ya LED ya wati 9, saa 4 kila jioni: wati-saa 36. Telefoni ya mama, siku moja: wati-saa 10 hivi. Jumla ni wati-saa 46 kwa siku. Kwa siku 30 ni wati-saa 1,380, yaani kilowati-saa moja na kitu.

Akarudia hesabu mara mbili. Haikubadilika. Wageni walikula kilowati-saa moja na kitu kwa mwezi mzima. Lakini kilowati-saa iliyopotea ilikuwa moja kila siku!

IV. Daftari la msichana

Jioni akamwendea mjomba wake dukani. Akasimama kwa heshima, akangoja mpaka mteja ametoka.

"Mjomba, nakuomba ruhusa ya neno moja."

"Sema, mwanangu."

"Nataka kusoma kompteri kila jioni na kila asubuhi, kwa siku tatu. Bwana mwalimu ametufundisha. Sitagusa waya wala kufungua kitu. Nitatazama namba tu."

Mjomba akacheka kidogo. "Soma. Namba hazina malipo."

Basi saa tatu ya usiku, watu walipokwisha zima taa zote, radio na televisheni, msichana akatazama kioo kidogo cha kompteri. Kiliandika 18.4. Ndiyo kilowati-saa zilizobaki. Akaziandika. Saa kumi na mbili ya asubuhi, kabla mtu hajawasha kitu, akatazama tena. Kiliandika 17.5.

Msichana akashangaa sana. Watu wote walikuwa wamelala. Taa zote zilikuwa zimezimwa. Hata hivyo katika saa 9 za usiku kilikuwa kimetoka 0.9, yaani wati-saa 900. Akagawanya 900 kwa 9. Akapata 100. Kwa hiyo, usiku kucha, palikuwa na kitu nyumbani kilichovuta wati 100, bila kupumzika.

Usiku wa pili ilikuwa vile vile. Usiku wa tatu vile vile.

Asubuhi ya mwisho akaleta daftari mbele ya mjomba, mke wa mjomba, na mama yake. Akasema, "Wazazi wangu, nimeandika kila namba. Usiku, sisi sote tukilala, kuna mlaji mmoja asiyelala. Anakula wati-saa 100 kila saa. Kwa siku moja ya saa 24 anakula kilowati-saa 2 na 4 za kumi. Taa yetu na telefoni hazifiki hata sehemu moja ya hamsini ya hizo."

Wakatazamana. Nyumba ikawa kimya. Ndipo wakasikia ngurumo ndogo, nyuma ya duka, mmmm, mmmm. Ilikuwa ikilia siku zote, lakini masikio yao yalikwisha izoea.

Mjomba akasema, "Frigo!"

V. Mlaji asiyelala

Wakaenda wote nyuma ya duka. Frigo lilikuwa karibu na jiko la makala, pale pale walipoliweka siku ya kuja kwa wageni. Ubavu wake ulikuwa na joto. Mjomba akapitisha kidole ukingoni mwa mlango. Ule mpira unaozunguka mlango ulikuwa umepasuka urefu wa kiganja. Walipolisukuma siku ile, mpira ulikwaruzwa na ukuta, na hakuna aliyeona.

Watoto, frigo zuri halifanyi kazi saa zote. Mtambo wake unazunguka, unatoa joto ndani na kulitupa nje. Baridi ikitosha, mtambo unapumzika. Lakini mpira ukipasuka, hewa ya joto inaingia daima. Na jiko likiwa karibu, joto linaongezeka. Hapo mtambo hauwezi kupumzika. Unafanana na mtu anayetoa maji katika mtumbwi wenye tundu.

Mjomba akaita fundi. Mpira mpya ukatiwa. Frigo wakalihamisha upande wa kivuli, mbali na jiko, wakaliacha na nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, hewa ipite nyuma. Usiku ule msichana akasoma kompteri tena. Toka saa tatu hata saa kumi na mbili zilitoka wati-saa 450 tu. Mlaji alikuwa amerudi nusu ya chakula chake.

Mke wa mjomba akamshika mama mikono yote miwili. "Wifi yangu, nilisema vibaya. Taa niliiona kwa sababu inang'aa. Frigo sikuliona kwa sababu nimezoea kelele yake."

Mama akajibu, "Nawe hukusema uongo kabisa, wifi. Umeme ulianza kupotea siku tuliyofika. Lakini hatukuula sisi."

Habari za kibanda cha mabati hazikusikika tena. Jioni ile taa ya chumba cha wageni iliwaka mpaka masomo yalipokwisha.

VI. Namna tatu za kompteri

Sasa tujifunze zaidi. Kwa nini kompteri inasaidia watu kutumia umeme kwa akili?

Mahali pengi pa Kongo watu wamelipa umeme kwa forfe, yaani bei moja kila mwezi, awe mtu amewasha taa moja au kumi. Bei ya namna hiyo inaonekana kuwa rahisi. Lakini anayezima taa hapati faida, na anayeiacha iwake mchana kutwa hapati hasara. Basi wengi hawazimi. Umeme unapotea, nao wa mwisho wa waya hawapati kitu.

Kwa hiyo watu walifanya kompteri. Ziko namna tatu.

Ya kwanza ni ya zamani. Ndani yake mnaona kisahani kinachozunguka. Umeme ukitumiwa sana, kinazunguka upesi. Kila mwezi mtu wa kampuni anakuja, anasoma namba, kisha barua ya malipo inafuata. Ubaya wake ni huu: mwenye nyumba anajua kosa lake baada ya mwezi, wakati wa kusahihisha umekwisha pita.

Ya pili ni ya kulipa kwanza, kama ile ya mjomba. Huko Tanzania wanaiita LUKU, maana yake Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Katika nchi nyingi namba za kubonyeza ni 20. Namba hizo zina siri ndani yake: zinataja kompteri ile moja tu, na kiasi cha umeme, na saa zilipotengenezwa. Kwa hiyo namba za jirani hazifai kwako, na namba zilizotumika hazifai mara ya pili. Saa hiyo ilihesabiwa kwa dakika, kuanzia mwanzo wa mwaka 1993. Baada ya dakika zaidi ya milioni 16, nafasi ya kuhesabia ikajaa, kama kibuyu kinavyojaa. Siku hiyo ilikuwa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu, kabla ya tarehe hiyo, watu wa nchi nyingi waliombwa kubonyeza namba za pekee, ili kompteri zao zianze hesabu mpya.

Ya tatu ni kompteri yenye akili. Hii haingoji mtu aje kuisoma. Inatuma habari zake yenyewe, kwa njia ya mtandao wa telefoni au kwa kupitia waya ule ule wa umeme. Inaweza kuonyesha umeme uliotumika kila saa: asubuhi kiasi gani, mchana kiasi gani, usiku kiasi gani. Hesabu ile ambayo msichana wetu aliifanya kwa daftari na usingizi mchache, kompteri hii inaifanya siku zote. Waitalia walianza mapema kuziweka kwa wingi, tangu mwaka 2001. Huko Ufaransa, tangu mwisho wa 2015 mpaka 2021, waliweka zaidi ya milioni 30 za namna hiyo, nao wanaziita Linky.

VII. Faida kwa mji mzima

Labda mtu atasema, "Umeme ni wangu, nimeulipa. Nikiuharibu, wengine wana shida gani?" Tumjibu kwa kutazama unakotoka.

Katika Kivu ya Kaskazini, umeme mwingi unatoka mitoni. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ina milima, misitu na mito yenye nguvu. Mwaka 2013 mtambo mdogo ulianza kazi Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori. Mwaka 2015 ukaja mtambo wa Matebe, juu ya mto Rutshuru, wenye megawati 13 na zaidi. Baadaye ukajengwa mtambo wa Luviro katika nchi ya Lubero, nao una megawati 14 na zaidi. Maji yanasukuma magurudumu, magurudumu yanazaa umeme, na waya zinaupeleka mijini.

Lakini mtambo una kipimo chake. Waya una kipimo chake. Na ile transfoma mnayoiona juu ya nguzo ina kipimo chake pia. Jioni, saa kumi na mbili na nusu, watu wote wanawasha kwa pamoja. Wakivuta kupita kipimo, transfoma inapata joto, taa zinafifia, na mara nyingine mtaa mzima unazimika. Hapo aliyeharibu na aliyetunza wanakaa giza moja.

Sasa tupige hesabu. Nyumba 1,000 zina taa moja moja ya wati 60. Kila nyumba ikiondoa taa hiyo na kutia ya wati 9, inaokoa wati 51. Nyumba zote pamoja zinaokoa wati 51,000. Kwa nguvu hiyo taa nyingine zaidi ya 5,600 za wati 9 zinaweza kuwaka, bila kuongeza maji mtoni, wala gurudumu, wala waya. Kuna vyumba vya shule humo. Kuna nyumba za wazazi na wauguzi humo.

Kompteri zenye akili zinasaidia kazi hiyo kwa njia nyingi. Kampuni inapima umeme uliopelekwa katika transfoma moja, kisha inajumlisha hesabu za nyumba zote za mtaa ule. Kama umeme uliotoka ni mwingi kuliko uliofika, kuna kuvuja mahali fulani. Labda waya ni mbovu. Labda mtu ameiba. Sasa fundi anajua mtaa wa kwenda. Hana haja ya kuzunguka mji mzima. Tena kampuni inaona transfoma ipi imelemewa, inaitengeneza kabla haijaungua. Tena inaweza kupunguza bei saa za usiku wa manane, ili mwenye mashine ya kusaga au ya kuchomea vyuma afanye kazi wakati watu wengine hawahitaji umeme.

Lakini, watoto, tuseme kweli yote. Kompteri peke yake haiokoi hata wati moja. Mizani haimpunguzii mtu unene. Kompteri inasema tu. Mtu ndiye anayezima, anayetengeneza na anayechagua. Na kwa mtu maskini, kompteri ya kulipa kwanza ina ukali wake: fedha zikikwisha, giza linaingia saa ile ile, hata kama kuna mgonjwa nyumbani. Kwa hiyo ni vizuri kuisoma kila siku, usingoje ikushangaze.

VIII. Mambo ya kushika

1. Usiguse waya wala kufungua kompteri. Umeme unaua. Kazi hiyo ni ya fundi.

2. Usiruke kompteri kwa waya wa siri. Huo ni wizi, na moto wa nyumba nyingi umeanza kwa waya uliofungwa vibaya.

3. Usitupe karatasi ya namba kabla umeme haujaingia. Na usimpe mtu usiyemjua namba zako.

4. Soma kompteri jioni na asubuhi, wakati mmoja kila siku. Andika katika daftari. Namba zikibadilika ghafula, tafuta sababu.

5. Tafuta kwanza walaji wasiolala: frigo, waya mbovu, taa ya nje iwakayo mchana. Kisha tazama vyombo vya joto, kama pasi na jiko la umeme. Piga pasi nguo nyingi mara moja, usiipashe moto kila siku kwa shati moja.

6. Usimshitaki mwenzako kabla hujapima.

Wazee wetu walisema: Chovya chovya humaliza buyu la asali. Anayechovya kidogo kila mara hasikiki, lakini mwishoni buyu ni tupu. Ndivyo umeme unavyokwisha nyumbani. Tena walisema: Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo unavyookolewa.

Msichana wetu bado anasoma Butembo. Daftari lake la kompteri limening'inizwa ukutani dukani, kwa uzi, pamoja na kalamu. Sasa mjomba mwenyewe anaandika namba za jioni. Kilowati-saa 60 zinamfikisha mwezi mzima na siku tatu juu yake. Na jioni mama anapokaa karibu na mlango, anaulizwa na watoto wake, "Mama, tukirudi Alimbongo, tutakuwa na taa?" Naye anawajibu, "Tukirudi, na taa zikifika, ninyi ndio mtakaosoma kompteri."

Maneno mapya

Kompteri: chombo cha kuhesabu umeme uliotumika.
Wati: kipimo cha nguvu ambayo chombo kinaivuta.
Kilowati-saa: umeme unaotumiwa na chombo cha wati 1,000 kwa saa moja.
Forfe: bei moja ya mwezi, bila kupima.
Transfoma: chombo kinachopunguza volti ya umeme wa waya kubwa, upate kufaa nyumbani.

Maulizo

1. Kwa nini familia ya msichana iliondoka Alimbongo?
2. Mke wa mjomba alidhani nani anamaliza umeme? Kwa nini aliwaza hivyo?
3. Eleza kwa mfano wa bomba na ndoo: wati ni nini, na kilowati-saa ni nini?
4. Msichana alijuaje kwamba kuna mlaji asiyelala?
5. Taja mambo mawili yaliyoharibu kazi ya frigo.
6. Kompteri yenye akili inapita ya kulipa kwanza kwa jambo gani?
7. Je, kompteri inaokoa umeme peke yake? Eleza.

Hesabu

1. Taa ya wati 60 inawaka saa 5 kila siku. Inatumia kilowati-saa ngapi kwa siku 30? Na taa ya wati 9, kwa muda ule ule?
2. Pasi ya wati 1,000 inawaka robo saa kila siku. Frigo linavuta wati 50 saa 24. Kipi kinatumia umeme mwingi kwa siku moja? Kinazidi kwa wati-saa ngapi?
3. Jioni kompteri ya kulipa kwanza inaonyesha 12.6. Asubuhi, baada ya saa 10, inaonyesha 11.8. Vyombo vya nyumba hiyo vilivuta wati ngapi usiku?

Kazi ya nyumbani

Kama nyumbani kwenu kuna kompteri, omba ruhusa kwa wazazi, uisome jioni na asubuhi kwa siku tatu. Kama haipo, nenda na baba au mama kwa jirani aliye nayo. Andika namba zote, ulete daftari shuleni. Usiandike uliyoyadhani, andika uliyoyaona.